Kliniki za Eastlands zimuulize mama pia

Katika kliniki za mama na mtoto za Eastlands, Nairobi, kuanzia Kayole hadi Dandora, ziara ya wiki ya sita huenda kwa mpango uleule. Mtoto huvuliwa nguo na kuning'inizwa kwenye mzani, muuguzi hutia nukta kwenye chati ya kijitabu, kisha huja matone mdomoni, sindano moja kwenye paja la kushoto na nyingine la kulia. Mama huulizwa kama mtoto ananyonya vizuri, huandikiwa tarehe ya wiki ya kumi, na anayefuata kwenye benchi huitwa. Ni huduma ambayo Kenya ina haki ya kujivunia. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto wanane hivi kati ya kila kumi waliopita mwaka mmoja walikuwa wamepata chanjo zote za msingi. Kwa hiyo mama wa mitaa hii, ambaye huduma nyingi za serikali humpitia kando, kwa chanjo hufika. Hufika wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, na mara nyingi hurudi nyumbani bila yeyote kumuuliza yeye mwenyewe analala vipi, anakula vipi, au kama bado anaona raha ya kuishi. Nashikilia kwamba swali hilo linapaswa kuwa sehemu ya ziara ya chanjo, lisiachiwe hisani ya muuguzi mmoja mmoja, na hoja yangu naijenga juu ya homoni.

Tuanze na yale yasiyobishaniwa sana. Sonona huwapata wanawake takriban mara mbili ya wanaume. Pengo hilo halionekani utotoni. Hufunguka wakati wa kubaleghe, homoni zinapoanza kupanda na kushuka. Katika wanawake wachache, pengine watatu hadi wanane kati ya mia, siku za mwisho kabla ya hedhi huleta huzuni na hasira kali kiasi cha kuvuruga kazi na ndoa. Ukingoni mwa umri wa kuzaa hatari hupanda tena: utafiti wa Marekani uliowafuatilia wanawake wa makamo kwa miaka mingi ulikuta kwamba uwezekano wa kupatwa na sonona kali wakati wa kukoma hedhi ni mara mbili hadi nne ya ulivyokuwa kabla. (Huyo ndiye nyanya tunayemwachia wajukuu wawili Umoja na kushangaa kwa nini siku hizi ni mkali.) Lakini hakuna kipindi ambacho mabadiliko ni ya ghafla zaidi, wala ambacho tarehe yake inajulikana zaidi, kuliko kujifungua.

Mwanamke akiwa na mimba, estrojeni na projesteroni hupanda mara nyingi kupita kiwango chake cha kawaida, na sehemu kubwa hutengenezwa na kondo la nyuma. Kondo likishatoka, ndani ya siku chache homoni hizo huporomoka hadi chini kabisa. Pamoja nazo hushuka alopregnanoloni, kemikali itokanayo na projesteroni ambayo kazi yake mojawapo ni kuutuliza ubongo. Sasa tazama kalenda. Mama aliyejifungua salama huruhusiwa kwenda nyumbani upesi, aghalabu siku ya pili, kwa sababu vitanda vinangojewa. Siku ya tatu hadi ya tano, ambapo machozi huja bila sababu, tayari yuko chumbani kwake Huruma, ghorofa ya nne, na mtungi wa maji wa kupandisha ngazi. Zaidi ya nusu ya wanawake hupitia machozi hayo, na mengi hukauka yenyewe kabla ya wiki mbili kwisha. Huo si ugonjwa. Ugonjwa ni pale ambapo wiki ya tatu inafika, ya nne, ya sita, na badala ya kupungua, giza limekaza: usingizi hauji hata mtoto akilala, chakula hakina ladha, mtoto mwenyewe anaonekana kama mgeni, na akilini linajirudia wazo kwamba familia ingekuwa na nafuu bila yeye.

Je, kweli ni homoni, au ni uchovu tu wa kulea? Swali hili lilipata jibu zuri mwaka 2000, pale watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, Miki Bloch na wenzake, walipochapisha jaribio dogo lililopangwa kwa akili sana. Walichukua wanawake 16 ambao hawakuwa wajawazito wala hawakuwa na sonona wakati huo. Wanane waliwahi kuugua sonona baada ya kujifungua miaka ya nyuma; wanane hawakuwahi. Wote walipewa homoni kwa wiki kadhaa kuiga ujauzito, kisha homoni zikaondolewa ghafla kuiga kujifungua. Katika wale waliowahi kuugua, watano kati ya wanane walipata tena dalili. Katika wale wengine, hakuna hata mmoja. Hapo hapakuwa na mtoto wa kulia usiku, wala kidonda cha upasuaji, wala mwenye nyumba wa kudai kodi tarehe tano. Kilichobadilika ni homoni peke yake, na ilitosha. Watu 16 ni wachache, nakubali, lakini matokeo yake yanaoana na jaribio jingine la taasisi hiyohiyo, lililochapishwa na Peter Schmidt na wenzake mwaka 1998. Hilo lilionyesha kwamba wanawake wanaoteswa na siku za kabla ya hedhi hupata nafuu homoni za ovari zikizimwa, na dalili hurudi homoni zikirejeshwa, ilhali wanawake wengine waliopewa homoni zilezile hawakuhisi chochote.

Ningeomba msomaji asiliruke jambo hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalojibu pingamizi la kwanza, nalo huja kutoka kwa wanawake wenyewe. Wanasema, na kwa haki, kwamba neno homoni limekuwa rungu. Mwanamke akikasirika kazini, ni homoni. Akimuuliza mumewe alikolala, yuko kwa siku zake. Kwa nini basi tuwape wenye dharau silaha ya kisayansi? Jibu ni kwamba sayansi yenyewe inaivunja dharau hiyo. Majaribio haya yanaonyesha kwamba homoni zinazopanda na kushuka hazimwondolei mwanamke wa kawaida akili wala busara. Kwa walio wengi, hazigusi hali ya moyo kwa kiasi cha kusemwa. Ila wapo wachache ambao ubongo wao huitikia mabadiliko hayo kwa namna ya pekee, huku vipimo vya homoni katika damu yao vikiwa sawa kabisa na vya jirani zao. Hao wana hitilafu ya mwili, kama vile mwingine anavyopandwa na shinikizo la damu akiwa mjamzito. Hatumwambii mwenye shinikizo la damu kwamba anadeka. Anayesema "ni homoni tu, zitapita" ameshika nusu ya ukweli na kuitumia kufunga mlango, maana sonona ya uzazi isiyotibiwa yaweza kukaa mwaka na zaidi, na inamgusa hata mtoto: mama asiyeweza kujibeba humnyonyesha kwa shida, husahau tarehe za kliniki, na hukosa nguvu za kumchekea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na mitaa ya Eastlands ndiyo yenye haki ya kulitoa. Linasema: acheni habari za homoni, huyu mama ana njaa. Alikuwa akiuza mtumba Gikomba au mboga kando ya barabara, sasa ni mwezi hajaingiza hata shilingi. Baba mtoto alizima simu mimba ilipofika miezi mitano. Wanalala watu wanne katika chumba kimoja, jiko la mafuta pembeni, na kodi imelimbikizwa miezi miwili. Nani asingelia? Nakubali kila neno, na takwimu ziko upande wa wanaosema hivyo. Mwaka 2012, Jane Fisher na wenzake walikusanya tafiti za nchi za kipato cha chini na cha kati katika jarida la Shirika la Afya Duniani, wakakuta kwamba karibu mama mmoja kati ya watano aliugua sonona au wasiwasi uliopita kiasi baada ya kujifungua, zaidi ya inavyokadiriwa kwa nchi tajiri. Umaskini, vipigo vya nyumbani, mimba isiyotakiwa na kukosa wa kumsaidia vilitajwa miongoni mwa vyanzo. Homoni za mwanamke wa Dandora haziporomoki zaidi ya za mwanamke wa Denmark. Ila zinaporomoka mahali ambapo hakuna mto wa kuangukia.

Lakini kutoka hapo wengi huruka hadi hitimisho lisilofuata: kwamba kwa kuwa chanzo ni umaskini, kliniki haina la kufanya mpaka umaskini uishe. Hapo ndipo homoni zinapotufaa. Umaskini hauna tarehe. Humkandamiza mama Januari na Agosti vilevile, na muuguzi hawezi kuukamata kwa wiki. Homoni zina tarehe. Tunajua siku kondo lilipotoka, tunajua machozi ya kawaida yanapaswa kuwa yameisha lini, na tunajua kwamba mama ambaye wiki ya sita bado yuko gizani si wa kuambiwa angoje. Zaidi ya hayo, tunajua nani wa kuangaliwa kwanza: aliyewahi kuugua hivyo katika uzazi uliopita, kwa maana jaribio la Bloch linatuonyesha kwamba mwili wake una kumbukumbu. Kwa hiyo wajibu wa kuuliza unaweza kupangwa kwa tarehe. Na hiyo tarehe tayari imeandikwa katika kijitabu, kwa kalamu ya muuguzi, chini ya jina la chanjo.

Kuna mahali pengine ambapo nchi hii imekwisha kukiri yote haya, nami huona ajabu kwamba ni mahakamani na si kliniki. Kifungu cha 210 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu kinasema kwamba mama aliyesababisha kifo cha mtoto wake wa chini ya miezi 12, akili yake ikiwa imeyumba kwa sababu hajapona athari za kuzaa au za kunyonyesha, hashtakiwi kama muuaji wa kawaida. Huadhibiwa kana kwamba ameua bila kukusudia. Tuliurithi mtazamo huo kutoka kwa Waingereza enzi za ukoloni. Yaani sheria yetu inajua kwamba kujifungua kunaweza kuvuruga akili, na inajua hatari hiyo hudumu mwaka mzima, ila ujuzi huo huuleta baada ya maafa, mbele ya hakimu. Sheria hiyohiyo, kwa upande wa pili, iliifunga midomo ya wagonjwa. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mama gani angemwambia mtumishi wa serikali kwamba anawaza kufa, akijua kwamba hatua moja tu mbele ya wazo hilo kuna seli ya polisi? Kizuizi hicho sasa kimetolewa. Kisingizio cha kutouliza kimepungua.

Lipo pia jambo la uzazi wa mpango, ambalo wengi hupenda kulikwepa kwa kuogopa kuwapa nguvu wapinzani wake. Ni katika ziara hiyohiyo ya wiki ya sita ambapo mama hushauriwa kuchagua njia, na njia zinazotumika zaidi Kenya, sindano ya miezi mitatu na vijiti vya mkononi, hufanya kazi kwa homoni ya jamii ya projesteroni. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark, Charlotte Skovlund na wenzake, walitumia kumbukumbu za wanawake zaidi ya milioni moja, wakaona kwamba waliotumia njia za homoni walielekea zaidi kuanza dawa za sonona kuliko wasiotumia, hasa wasichana wa miaka 15 hadi 19. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi chanzo, na wanawake walio wengi hutumia njia hizi bila tatizo lolote la moyo. Isitoshe, mimba ya pili isiyotarajiwa ndani ya mwaka ni hatari kubwa zaidi kwa moyo wa mama kuliko sindano. Simwambii mtu aache. Nasema tu kwamba muuguzi anayejua kwamba mama huyu tayari ana huzuni nzito, au aliwahi kubadilika vibaya akiwa kwenye sindano, anaweza kumshauri njia isiyo na homoni, au kupanga kumwona mapema kabla ya miezi mitatu. Hawezi kulijua asilouliza. Na mwanamke anayeona hali yake inabadilika, akaambiwa ni kawaida, huacha njia kimyakimya, kisha tunamwona tena kwenye foleni ya wajawazito.

Wauguzi wenyewe watasema: mnatuongezea kazi, na foleni ilianza alfajiri. Pia wataniuliza swali gumu zaidi, kwamba wakishamgundua mama mwenye sonona wampeleke wapi. Mathari? Hospitali hiyo ya magonjwa ya akili, iliyoko Barabara ya Thika, imekuwapo tangu 1910, na jina lake katika mitaa yetu bado linatumika kama tusi. Mama akitajiwa Mathari hatarudi hata kwa chanjo ya wiki ya kumi. Kuhusu muda, maswali mawili yanatosha kuanzia: je, mwezi uliopita umesumbuliwa mara kwa mara na huzuni au kukata tamaa, na je, umekosa hamu ya mambo yaliyokuwa yakikufurahisha? Dakika moja. Anayejibu ndiyo aulizwe yale kumi ya kipimo cha sonona ya uzazi cha Edinburgh, kilichotungwa Scotland mwaka 1987 na kutumiwa katika tafiti hapa Kenya pia. Zungumzo hilo linaweza kufanywa na mhudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa aina hiyo wapatao 100,000, ikawapa mkoba wenye vifaa vya kupima shinikizo la damu, sukari na joto. Maswali kumi hayaongezi uzito katika mkoba huo, ingawa ni haki kusema kwamba posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi haitoshi kumdai mtu kazi mpya kila mwaka. Wakiongezewa jukumu, waongezewe na malipo.

Na matibabu hayahitaji kuanzia Mathari. Nchini Pakistani, wahudumu wa kike wa vijijini ambao hawakuwa wataalamu wa akili walifundishwa kuwatembelea mama wenye sonona na kuzungumza nao kwa utaratibu maalumu. Utafiti wa Atif Rahman na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, uliwahusisha mama 903. Watoto walipofika miezi sita, mama waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23 kwa waliotembelewa hivyo, na 53 kwa wenzao waliotembelewa kwa huduma za kawaida. Jirani zetu wa Masaka na Rakai nchini Uganda walionyesha mwaka 2003 kwamba vikundi vya wanavijiji, vikiongozwa na mtu wa pale pale aliyepewa mafunzo mafupi, hupunguza sonona sana. Harare waliwaweka bibi waliofunzwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, na matokeo yakachapishwa katika jarida kubwa la tiba la Marekani mwaka 2016. Mtaa ambao kila ploti ina chama cha akina mama hauwezi kusema haujui kukalisha wanawake kumi pamoja kila wiki. Kwa wachache wanaohitaji dawa, zile za kawaida za sonona ni za bei nafuu, na baadhi hutumika hata mama akiwa ananyonyesha, daktari akiangalia. Ile mpya iliyobuniwa kuiga alopregnanoloni, zuranolone, iliyoidhinishwa Marekani Agosti 2023, ni uthibitisho mwingine kwamba tatizo liko mwilini. Lakini dozi yake ya siku 14 ilitangazwa kwa dola 15,900, zaidi ya shilingi milioni mbili. Tusiingoje.

Najua wapo watakaosema apelekwe kanisani au msikitini kwanza. Apelekwe, akitaka, mikono ya waumini imewabeba mama wengi. Ila anayesikia sauti, anayeamini mtoto amebadilishwa, au asiyelala kabisa kwa siku kadhaa baada ya kujifungua, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hali hiyo huwapata mmoja au wawili katika kila mama 1,000, huja mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza, na haingoji ibada ya Jumapili.

Mwaka 2020 jopo la kitaifa lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Kaunti ya Nairobi haihitaji tangazo jingine ili kuanza na kliniki zake za Embakasi, Kasarani, Kamukunji na Makadara: iamuru maswali yale mawili yaulizwe na majibu yaandikwe katika ziara ya wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, na kila kliniki iwe na mtu mmoja aliyefunzwa wa kumpokea mama anayejibu ndiyo. Na wewe msomaji, kama kuna aliyejifungua nyumbani kwenu au mlango wa pili, ukishamsifu mtoto muulize mama kama hupata usingizi mtoto anapolala. Akikwambia hapana, na wiki mbili zimepita, msindikize kliniki. Akikwambia anawaza kufa, usimwache peke yake. Laini ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199, na kupiga ni bure.